Maana ya Neno "Kutazamia"

Watu wengi hutumia maneno kutumaini, kutarajia na kutazamia kana kwamba ni neno moja. Yote matatu husema habari za mambo yajayo, lakini hayalingani, na mwenye kuyachanganya huweza kujidanganya nafsi yake na kuwadanganya wenziwe.

Kutumaini na kutarajia yametoka katika Kiarabu. Asili ya kutumaini ni utulivu wa moyo. Asili ya kutarajia ni kuingoja heri. Mtu aweza kuyafanya hayo hali amefumba macho. Kutazamia sivyo. Neno hili limezaliwa na kutazama, kama kupikia lilivyozaliwa na kupika, na kwa hiyo ndani yake mna jicho. Mkulima atazamiaye mvua ameona mawingu, kwani dalili ya mvua ni mawingu. Hata mganga apigaye ramli husemwa kuwa anatazamia, maana huangalia alama zake. Huenda mkulima akasema kweli na mganga akasema uongo, bali wote wawili wapaswa kuulizwa: Umeona nini?

Mfano wa jambo hili ulionekana Olympic, katika Kibera, Nairobi. Shule ya msingi ya hapo ilikuwa na sifa kubwa kwa matokeo ya mtihani wa KCPE. Januari 2003, Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, wazazi walimiminika kuandikisha watoto, hata madarasa yakafurika. Wazazi hao hawakuota ndoto. Waliona shule, wakaona matokeo, wakaona mlango umefunguliwa: hapo walitazamia. Lakini afunguaye mlango bila kuhesabu madawati na walimu hutarajia tu.

Mtihani huo wa KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mzazi wa leo asemaye, "Natazamia mwanangu atafaulu," hana budi kutazama kitu kingine: daftari la mtoto, mahudhurio yake, na taa ya kusomea jioni.

Basi kila ahadi itolewapo barazani au katika barua ya ofisi, msikiaji na aulize kilichoonekana. Mwenye jibu ametazamia. Asiye na jibu na aseme kwa unyofu kwamba anatumaini. Kutumaini si aibu.