Kwenda Kuyaona Maporomoko ya Kyimbi

Mtu wa Kalemie awashapo taa jioni, ni mara chache ajiulize mwanga ule umetoka wapi. Haukutoka ziwani, ingawa ziwa Tanganyika liko mlangoni petu. Umetoka milimani, kwenye maporomoko ya mto Kyimbi karibu na Bendera, kilomita zipatazo 120 upande wa kaskazini. Basi sisi waalimu wanne tuliazimu kwenda kuyaona kwa macho yetu.

Tulifika Bendera juu ya gari la mizigo, tukalala. Alfajiri tukawapigia hodi wakubwa wa kijiji, nao wakatupa kijana wa kutuongoza. Ilikuwa masika. Njia ilikuwa nyembamba chini ya miti, na udongo wake umelainika kama ugali usioiva. Kila hatua mguu ulizama hata kifundo, na kuung'oa ilikuwa kazi. Kijana alivua viatu vyake akavitundika shingoni, akatukatia fimbo, akatufundisha kukanyaga penye mizizi. Wahenga walisema, "Mwenda pole hajikwai." Mwenzetu mmoja aliyetaka kututangulia aliteleza akaketi matopeni, tukacheka, naye akacheka. Kijito tulikivuka tukiwa tumeshikana mikono, kwa maana mkondo ulikuwa mkali.

Kisha tukasikia ngurumo, wala wingu halikuwapo. Tulipotoka chini ya miti, loo! Maji meupe yalikuwa yakiruka mwambani kwa kishindo, na manyunyu yake yakatulowesha nyuso. Tulisimama kimya kwa muda mrefu.

Nguvu hiyo ndiyo iliyowafanya watu wajenge kituo cha umeme hapo katika miaka ya 1950. Sehemu ya maji huchukuliwa juu, hushuka mlimani ndani ya mabomba, na kuyapiga magurudumu ya mitambo. Magurudumu yakizunguka, umeme huzaliwa. Uwezo wa kituo ni megawati 17 hivi. Zamani umeme huo uliendesha na kiwanda cha nguo cha Filtisaf, kilichowapa kazi wakazi wengi wa mji kabla ya kufungwa. Mahali hapa pamewahi pia kumwaga damu: tarehe 29 Juni 1965 waasi, pamoja na Wanyarwanda na Wakuba wa Che Guevara, waliishambulia ngome iliyokilinda kituo, wakashindwa. Wakuba wanne walikufa siku ile.

Tulipokuwa tukirudi, mama mmoja alitukaribisha kwa viazi vitamu. Karibu na nyumba yake zilipita nyaya nene ziendazo mjini, lakini ndani aliwasha taa ya mafuta. Tulipoyasifu maporomoko, alitujibu kwa upole, "Maji ni yetu, baba zangu, taa ni zenu."

Sababu ya jambo hilo twaijua. Umeme usafirishwao mbali huwa na nguvu kubwa mno. Hauwezi kuingia nyumbani mpaka upunguzwe kwa mashine maalumu, nazo ni za gharama. Lakini sababu ya fundi haiondoi deni la jirani. Siku mitambo itakapoongezwa, wenye madaraka wavikumbuke kwanza vijiji vya mtoni.

Nasi wa mjini tuna wajibu wetu. Miti ya milimani ndiyo inayoushika udongo wakati wa mvua. Tukiikata yote kwa ajili ya makala, udongo utashuka mtoni, na mchanga utayala magurudumu ya mitambo kama tupa ilavyo chuma. Anunuaye gunia la makala Kalemie asidhani kwamba mlima uko mbali naye. Na watoto wetu shuleni, wajifunzapo jina la Lukuga upitao mjini mwao, wajifunze na jina la Kyimbi, mto uwapao mwanga wa kusomea.