Safari ya maziwa kutoka Kinangop hadi kikombe cha mtoto

Msafiri anayetoka Nairobi kwa barabara kuu ya Naivasha hupita Limuru, akaacha mashamba ya majani chai nyuma, kisha akafika Soko Mjinga ambako wachuuzi humkimbilia na viazi, karoti na kabeji hadi dirishani mwa matatu. Penye Flyover, barabara hukata kulia kuelekea Njabini na Engineer. Hapo Kinangop huanza: nchi tambarare iliyoinuka zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, milima ya Nyandarua ikiwa upande mmoja na bonde la Naivasha upande wa pili. Ni nchi ya baridi, ukungu na ng'ombe.

Wakazi wengi wa jijini hawajawahi kufika huko, lakini Kinangop huwafikia wao kila asubuhi ndani ya kikombe cha chai. Swali ambalo wazazi huulizana ni kama maziwa hayo ni mema kwa watoto wao, au ni mzigo kwa tumbo na hatari kwa afya. Ng'ombe peke yake hawezi kutoa jibu. Sehemu kubwa ya jibu iko njiani, baina ya zizi na sufuria, kwa hivyo tuifuate njia hiyo hatua kwa hatua.

Malisho ya Wamaasai

Kabla ya Wazungu kuja, Wamaasai walilisha mifugo yao katika nyanda za Naivasha. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwahamisha kutoka bondeni hadi Laikipia, na walowezi wakaichukua ardhi. Mwaka 1925 walowezi hao walianzisha KCC ili kuuza siagi na maziwa yao. Miaka ya mwanzo ya 1960, uhuru ulipokaribia, mashamba makubwa ya Kinangop yalikatwa vipande vipande na kupewa wakulima wadogo, ambao wajukuu wao ndio wanaokama leo.

Mwaka 1992 serikali ililegeza masharti ya biashara ya maziwa, na KCC ikapoteza ukiritimba wake mijini. Tangu wakati huo sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa nchini haipiti kiwandani. Huenda moja kwa moja kutoka kwa mkulima hadi kwa mchuuzi, na kutoka kwa mchuuzi hadi mlangoni mwako.

Alfajiri zizini

Kazi huanza kabla ya jua kuchomoza. Mkulima mwangalifu huosha kiwele kwa maji vuguvugu, akakipangusa kwa kitambaa safi, kisha akakama matone ya kwanza kwenye kikombe cha kando. Akiona mabonge au damu, anajua kiwele kina ugonjwa, na maziwa hayo hayachanganywi na mengine. Ng'ombe aliyedungwa dawa ya antibiotiki naye maziwa yake hayauzwi mpaka siku alizoagiza daktari wa mifugo zipite.

Chakula cha ng'ombe pia kina neno lake. Mahindi yaliyoota kuvu, ambayo mtu hawezi kusaga unga, mara nyingine hutupiwa ng'ombe. Sumu ya aflatoksini iliyomo hupenya mwilini mwa mnyama na kutokea kwenye maziwa, na moto wa jikoni hauiondoi. Kinga yake iko shambani tu.

Mikebe ya alumini yenye mdomo mpana hupelekwa kwenye kituo cha chama cha ushirika. Karani hutumbukiza kipimo kinachoelea: maziwa yakitiwa maji, kipimo huzama kupita kiasi. Kisha huchanganya maziwa kidogo na spiriti ndani ya kichupa. Yakishikana mabonge, mkebe mzima unakataliwa.

"Rudi nayo, mzee. Yameanza kulala."

Mzee hana la kusema. Huenda yalikuwa maziwa ya jioni yaliyolala nyumbani, kwa sababu gari la chama mara nyingi huja asubuhi tu. Chama hulipa mwisho wa mwezi, ilhali mchuuzi hulipa papo hapo wala hana kichupa cha spiriti. Karo ya shule haingoji, na hivyo maziwa yaliyokataliwa kituoni huenda yakapata mnunuzi barabarani.

Kuteremka jijini

Kuanzia hapo adui ni joto. Baridi ya Kinangop huyalinda maziwa usiku, lakini yakiteremka Nairobi kwenye jerikeni la plastiki juani, viini huzaana upesi. Jerikeni lenye mdomo mwembamba halisuguliki ndani, na masalio ya jana huyaharibu maziwa ya leo. Wapo wachuuzi waaminifu wenye mikebe safi na leseni. Wapo pia wanaoongeza maji ya mfereji, au dawa za kuyazuia yasigande.

Maziwa mabichi yaweza kubeba viini vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya bruselosi, ugonjwa wa homa zisizokwisha na maumivu ya viungo ambao wengi huudhania malaria. Viwandani maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa dakika 30. Nyumbani, yaache yachemke hadi yafure, kisha yafunike na kuyapoza. Mama wa Kenya anayechemsha chai na maziwa pamoja ameilinda jamii yake miaka mingi bila kuhubiriwa.

Je, yafaa?

Yakifika salama, maziwa ni chakula cha maana. Glasi moja ya mililita 250 ina takriban miligramu 300 za kalsiamu ya mifupa na meno, pamoja na gramu 8 za protini na vitamini B12. Upungufu wake mkubwa ni madini ya chuma yanayojenga damu.

Ndiyo maana umri ni muhimu. Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee. Ya ng'ombe yana protini na chumvi nyingi mno kwa figo changa, na yaweza kumpunguzia damu. Baada ya hapo aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, huku akila vyakula vingine. Mama ambaye hawezi kunyonyesha aulize kliniki kabla ya kununua chochote. Mtoto aliyetimiza mwaka hutosheka na vikombe viwili hivi kwa siku. Akishiba maziwa mchana kutwa, atakataa maharagwe na mboga, na damu itapungua.

Kuna na wale ambao tumbo hunguruma na kuhara kila wanywapo. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa wakishaachishwa kunyonya. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wana badiliko katika chembe za urithi linalowawezesha kuyanywa hadi uzeeni, na kwamba badiliko hilo ni tofauti na lile la Wazungu. Maelfu ya miaka ya ufugaji yameandikwa mwilini. Asiye na urithi huo ajaribu mala au mtindi, ambao sukari yake imepungua, au anywe kidogo pamoja na chakula. Lakini mtoto anayevimba uso au kutokwa na vipele baada ya kunywa apelekwe hospitali bila kukawia.

Msomaji, usidhani pia kwamba mtoto aliyekunywa chai amekunywa maziwa. Chai nyingi za mtaani ni maji yaliyobadilishwa rangi, na majani chai huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Ukiwa na shilingi za nusu lita tu, mpe mtoto yale maziwa yaliyochemshwa, na watu wazima wanywe ya rangi.

Na ukikosa hata hizo shilingi, usijihesabu mzazi mbaya. Omena waliwao na mifupa yao, uji wa wimbi na sukuma wiki vina kalsiamu pia. Kwa mwenye nazo, muulize mchuuzi wako maziwa yametoka wapi na yamekamwa lini, tazama alichoyabebea, kisha washa jiko.