Damu ya Baba, Damu ya Mama

Kiangazi kikikaza, Mto Bubu hubaki mchanga mtupu. Sisi tuliozaliwa Chemba, zamani nchi ile ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kondoa kabla ya mgawanyo wa mwaka 2012, tulifundishwa na mama zetu kuufukua mchanga huo kwa kata mpaka maji yatokeze. Asiyejua hupita juu yake akidhani mto umekufa.

Nimeukumbuka mto huo nikiwa Unguja, ninakoishi sasa, kwa sababu ya karatasi mbili za vipimo vya damu: moja ya baba, mwenye umri wa miaka 76, na ya pili ya mama, mwenye miaka 71. Tangu utotoni tulijua kwamba aliyepungukiwa na damu nyumbani ni mama. Alizaa watoto saba, na kila mimba ilimletea kizunguzungu njiani kwenda kuteka maji. Baba alikuwa jembe lisilochakaa. Safari hii karatasi zilinena kinyume: himoglobini ya mama gramu 12.6 kwa desilita, ya baba 9.1.

La mama si muujiza. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi. Zikifa, mwili hauyatupi madini yao ya chuma, bali huyarejesha katika uboho wa mifupa zikaumbwe nyingine. Ndiyo maana chakula hutakiwa kutuongezea miligramu moja au mbili tu kwa siku. Lakini mwanamke, kwa hedhi, mimba na uzazi, huichota akiba hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu chini ya gramu 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, na chini ya 13 kwa mwanamume. Hedhi ikikoma, akiba hujaa taratibu. Mwanamume naye, homoni yake ya kiume inayouchochea uboho hupungua kwa umri, na damu yake ikashuka kidogo. Hivyo uzeeni wawili hao hukaribiana.

Kidogo, nimesema, na hapo ndipo tulipokosea. Baba alipoanza kuhema akitoka shambani, sisi wanawe tulisema ni uzee. Mwenyewe akasema, "Mwanangu, jua langu limekuchwa." Kumbe uzee peke yake hauiangushi damu kiasi kile. Mwanamume akiishiwa na chuma, yafaa kuulizwa anavuja wapi. Daktari alifukua, akakuta kidonda cha tumbo kilichokuwa kikitoa damu kimyakimya.

Baba ametibiwa, na nguvu zinamrudia. Mama humwekea ugali wa uwele na mlenda, na chai humnyima wakati wa kula, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Siku moja nilimsikia akimwambia, bila ukali: "Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nikipungua, mzee wangu. Hukuona?"

Baba aliinamia bakuli lake, asijibu. Nami sikuwa na la kumsaidia, maana sikuona pia.