Hiyo Si Zawadi, Ni Deni

Kuna neno linanikera sana kwenye barua za kupunguzwa kazi: "shukrani". Ati kampuni inakupa pesa kidogo "kama ishara ya shukrani". Zii. Deni halilipwi kwa jina la zawadi.

Dadangu aliandikiwa barua kama hiyo baada ya miaka minne na miezi saba kwa kaunta ya duka moja hapa Nairobi. Walimpa mshahara wa mwezi mmoja na fomu ya kusaini kwamba hadai kitu tena. Mama akasema, "Shukuru Mungu, wengine hutoka mikono mitupu." Ni kweli, wengi hutoka hivyo. Na hapo ndipo shida iko: tumezoea kunyimwa hadi tukipewa nusu tunasema asante.

Sasa skiza. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema hivi: kazi ikiisha na si kosa lako, unafaa kujulishwa kwa maandishi mwezi mmoja kabla, na afisa wa leba ajulishwe pia. Hawachagui wa kutoka kwa kuangalia sura. Lazima wapime muda uliokaa, ujuzi, uwezo na jinsi unavyotegemeka. Halafu ulipwe siku za likizo ulizobakisha, mwezi mmoja wa notisi, na mshahara wa siku 15 au zaidi kwa kila mwaka uliomaliza.

Tufanye hesabu. Dadangu alikuwa analipwa 30,000 kwa mwezi. Miaka minne mara siku 15 ni siku 60, yaani kama mishahara miwili. Ile miezi saba haihesabiwi. Ongeza notisi, inafika kama 90,000, na bado hujagusa likizo. Yeye alipewa 30,000.

Hakusaini. Aliomba kuisoma hiyo fomu nyumbani, akaandika hesabu yake kwa karatasi, akawapelekea kwa adabu na kutaja ofisi ya leba. Wiki tatu kimya, mwenye nyumba anapiga simu kila asubuhi. Kisha pesa iliyobaki ikaingia, bila barua, bila hata pole.

Kama bado uko kazini, weka barua yako ya kuajiriwa na rekodi za mshahara mahali hazitapotea na simu. Na siku wakikuletea fomu na kalamu pamoja, chukua fomu. Kalamu waachie.