Kioo Kilichobanwa

Katika kisiwa chetu, kioo cha gari ni mlango wa salamu. Mwenye kupita na gari mtaani hupunguza mwendo, hushusha kioo, husalimu, huulizia wagonjwa, ndipo akaendelea na safari yake. Asiyeshusha hukisiwa kuwa amepata makuu. Basi mtu hupewa sifa ya kiburi kwa sababu ya mota ndogo ya volti 12 iliyogoma ndani ya mlango, wala hana njia ya kujitetea, maana maneno yake hayavuki kioo.

Mambo hayakuwa hivi daima. Land Rover za zamani zilikuwa na vioo vya kusukuma kwa upande, na magari mengi madogo yalikuwa na mkono wa kuzungusha. Mkono ule ukivunjika, koleo lilitosha. Kioo cha kubonyeza kilikuwa anasa ya matajiri. Kampuni ya Packard ya Marekani ilikitia katika magari yake ya fahari mwaka 1940. Leo kimo katika takriban kila gari la mtumba linaloshushwa kwetu kutoka Japani, nalo hutufikia likiwa tayari limekula sehemu kubwa ya umri wake.

Gari langu limeshapita miaka ishirini. Kioo cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto, kilitengenezwa mara tatu katika miaka miwili. Mara ya kwanza ilibadilishwa swichi, mara ya pili mota, mara ya tatu swichi tena. Kila mara kilipanda na kushuka vizuri kwa miezi michache, kisha kikaanza kunung'unika, kikasita katikati, kikanyamaza.

Ningeweza kuishi na aibu ya kutosalimu. Nisiloweza kulipuuza ni pumu ya mama yangu, ambaye hukaa kiti hicho cha nyuma. Kiyoyozi cha gari kiliacha kazi zamani. Msimu mmoja wa kaskazi tulikuwa tukitoka Makunduchi kwenda mjini, jua la saa saba, kioo chake kikagoma kushuka. Upepo wa madirisha ya mbele haukumtosha. Mama hakulalamika; alisema tu kwamba kifua kinambana, akaomba tusimame. Tulisimama mara mbili chini ya miembe, mlango wazi, nami nikimpepea kwa gazeti.

Wiki ile nilipelekwa kwa fundi mmoja mtu mzima, mwenye gereji nje ya mji. Hakuanza na mita ya umeme. Alipitisha kidole katika mfereji wa mpira ambamo kioo huteleza, na kidole kikatoka na vumbi jekundu na mchanga. Mpira wenyewe ulikuwa umekakamaa kwa jua.

"Ndugu yangu," aliniambia, "kioo hiki hakikufa. Kimebanwa."

Akanieleza. Mota inayovuta kioo kilichobanwa hutaka umeme mwingi kuliko desturi yake. Umeme mwingi huleta joto. Joto huichosha mota, na ncha za shaba zilizo ndani ya swichi huungua. Waya wa chuma unaovuta kioo nao huanza kukatika, uzi baada ya uzi. Waliotangulia walibadilisha kilichokufa, wakakiacha kilichoua. Tena, kila mlango ulipofunguliwa, karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya ubao wake ilichanwa na haikurudishwa, unyevu ukapata njia ya kuifikia swichi. Na yale matundu madogo chini ya mlango, yanayotoa maji ya mvua, yalikuwa yamezibwa na tope.

Alisugua mfereji kwa brashi na maji ya sabuni, akauacha ukauke, akapaka mafuta ya silikoni. Grisi aliikataa, kwani hushika vumbi. Alizibua matundu kwa kipande cha waya, akabandika plastiki mpya. Mota haikuguswa.

Mimi lugha nilizozijua nilijifunza kwa kamusi na redio, bila ya mwalimu, na kazi ya tafsiri imenizoesha kulipima neno kabla ya kulitumia. Neno "kimekufa" humpeleka mwenye gari dukani. Neno "kimebanwa" humpeleka mferejini. Hata shairi huwa hivyo. Ubeti ukikataa kwenda, mshairi hukimbilia kina cha mwisho, akakibadilisha mara tatu, mara nne. Kumbe mizani imezidi katika kipande cha mwanzo, ni tisa mahali pa nane, na kina kinabeba lawama isiyokuwa yake.

Basi, msomaji mwenye gari kuukuu, kabla hujanunua mota, pitisha kidole. Kabla ya masika, zibua matundu. Fundi akiufungua mlango, simama naye mpaka plastiki irudi mahali pake. Si kazi ya fahari, na hakuna atakayekusifu kwa kuifanya. Lakini mimi nimeshamsikia mtu nimpendaye akisema kwamba kifua kinambana, nikabonyeza, na kioo kisishuke.