Waliomo Kwenye Picha

Ijumaa, 6 Juni 2025
Leo nimeweka kiendelezi kwenye kivinjari cha laptopu. Ukisimamisha filamu, pembeni inatokea kadi yenye majina ya waigizaji wanaoonekana wakati huo, mahali ilipopigwa na wimbo unaosikika. Kiliomba ruhusa ya kusoma data za kila tovuti ninayofungua. Nimeingia kwenye mipangilio nikakibana kwenye tovuti ya filamu peke yake. Mambo yangu ya benki hayakihusu.

Jumamosi, 7 Juni
Casablanca, ya 1942. Wanajeshi wa Kijerumani wanaimba kwenye mkahawa wa Rick, wateja wanawazima kwa wimbo wa taifa wa Ufaransa. Yupo msichana anayeimba huku machozi yakimtiririka. Nikasimamisha: Madeleine Lebeau. Mwaka 1940 yeye na mumewe, Marcel Dalio, waliikimbia Ufaransa baada ya uvamizi wa Wajerumani. Dalio ndiye anayechezesha kamari mle mle mkahawani. Na yule meja wa Kinazi? Conrad Veidt, Mjerumani aliyeihama nchi yake 1933, mkewe akiwa Myahudi. Mkahawa wenyewe ulijengwa studio, California. Nimeirudia sehemu hiyo toka mwanzo, na moyo umenienda mbio: baadhi ya walioimba pale walikuwa wakimbizi kweli.

Jumanne, 10 Juni
Nimejiwekea utaratibu. Filamu mpya naitazama kwanza hadi mwisho, kadi zikiwa zimezimwa. Mwongozaji amepanga ni lini nijue jambo na ni lini nisubiri. Mpango huo unastahili heshima. Kadi ni za mara ya pili.

Jumapili, 15 Juni
Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka 1962, imepigwa Tanganyika. Kadi zimejaa: John Wayne, Elsa Martinelli, muziki wa Henry Mancini, Hardy Krüger aliyenunua shamba Momella na kuendesha hoteli. Nikasimamisha kwenye vijana wetu wanaoshika kamba mnyama anapokamatwa. Kadi tupu.

Inaniuma. Zana hizi huchota kwenye kanzidata zinazojazwa na watu. Hata IMDb ilianza 1990 kwa orodha za wapenzi wa filamu. Jina ambalo hakuna aliyeliandika halitatokea kamwe. Waliokuwa vijana enzi zile sasa ni wazee wa miaka themanini na zaidi. Mwezi ujao nikienda Arusha kwa shangazi, nitaibeba filamu hadi Ngarenanyuki, jirani na Momella, niwaoneshe wazee, niandike kila jina watakalolitambua, kisha niyatume yaingizwe.