Wifi, waifai na nyumba yenye ruta mbili

Kwa mwanamke wa Kitanzania neno wifi lina maana yake tangu enzi za bibi zetu: dada wa mume au mke wa kaka. Siku hizi kuna na waifai, ile ya intaneti. Nyumbani kwetu Mabatini, hapa Mwanza, hawa wawili walikaribia kutuvurugia amani kwa mpigo.

Wifi yangu ni mdogo wake mume wangu. Anakaa nasi huku akimalizia chuo kule Malimbe, na usiku kucha yuko kwenye laptopu anaandika utafiti wake wa mwisho. Mimi ni mhariri, kurasa nyingi nazipitisha nikiwa nyumbani. Mume wangu ana vikao vya mtandaoni na ofisi yao ya Dar. Kwa hiyo kwetu intaneti ni kama ugali, isipokuwepo watu wananuniana.

Tuna ruta mbili. Moja ni ya faiba, iko sebuleni. Nyingine ni ya laini ya simu, tuliyoitumia kabla ya faiba kuja. Kwa kuwa nyumba yetu imeegemea jiwe na kuta ni nene, mawimbi ya sebuleni hayafiki vyumba vya nyuma. Fundi mmoja akashauri tusiitupe ile ya zamani. Akavuta waya kutoka ruta moja hadi nyingine, akazipa jina moja na nywila moja, akachukua chake, akaenda zake.

Vituko vikaanza wiki hiyohiyo. Alama ya waifai imejaa, ukurasa haufunguki. Leo simu yangu inagoma, kesho inakubali, inagoma laptopu ya mume wangu katikati ya kikao. Mtu mmoja tu hakulalamika hata siku moja: wifi.

Na hapo ndipo mume wangu alipomkamatia.

"Wewe ndiye unavuta intaneti yote na sinema zako."

"Kaka, naandika kazi ya chuo tu."

"Kazi gani hiyo ya saa nane usiku? Kuanzia Jumatatu naizima saa nne. Ukishindwa, katafute hosteli."

Binti alilia jikoni. Zilikuwa zimebaki wiki tatu akabidhi utafiti, na hosteli katikati ya muhula, kwa pesa ipi? Nikamwambia mume wangu, "Hebu tuangalie kwanza hiyo mitambo, ndipo tumhukumu mtoto wa watu." Akajibu kwamba huyo si mtoto wa watu, ni mdogo wake. Nikamwambia ndiyo maana.

Tukaweka vyombo vyote mezani

Kwenye simu au kompyuta, ukifungua mipangilio ya waifai na kubonyeza jina la mtandao uliounganishwa nao, utaona anwani ya chombo chako. Laptopu ya wifi ilikuwa na 192.168.1.104. Simu yangu, iliyogoma jioni ile, ilikuwa na 192.168.8.102. Laptopu ya mume wangu, iliyogoma pia, 192.168.8.105. Kila chenye 1 katikati kilikuwa na intaneti, kila chenye 8 hakikuwa nayo. Kumbe mwizi hakuwa mtu!

Wenzangu wa Mabatini mtanielewa haraka. Zamani ukimwelekeza mgeni ulisema, "Ukifika jiwe kubwa, panda kushoto." Mwaka 2022, kuelekea Sensa ya Agosti 23, ikaja operesheni ya anwani za makazi, milango ikapata namba. Sasa fikiria mtaa mmoja una ofisi mbili zinazogawa namba bila kuulizana, na ya pili inaelekeza watu wote kwenye barabara iliyofungwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Chombo kikijiunga na waifai hupaza sauti: "Naomba anwani!" Ruta hujibu na kukiazima anwani kwa muda, pamoja na kukionyesha lango la kutokea. Utaratibu huu unaitwa DHCP. Ruta zikiwa mbili kwenye waya mmoja na zote zinagawa, anayewahi kujibu mara nyingi ndiye anayesikilizwa. Ile ya zamani ikiwahi, inasema lango ni yeye, wakati laini yake haina bando.

Na wifi je? Laptopu yake ilikuwa haizimwi. Kabla muda wa anwani haujaisha, chombo humrudia kwanza yuleyule aliyekiazima. Aliangukia ruta nzima siku ya kwanza, akabaki nayo. Uhodari wa kukesha ndio uliomponza.

Ufanye nini nyumbani kwako

Chagua ruta moja iwe mgawaji. Chomoa waya unaoziunganisha, kisha jiunge na ile ya pili peke yake na ufungue ukurasa wake wa mipangilio. Ipe anwani isiyogongana na nyingine. Kwetu ruta ya faiba ni 192.168.1.1 na inagawa kuanzia 192.168.1.100, hivyo ya pili tuliipa 192.168.1.2. Halafu zima DHCP kwenye hiyo ya pili. Rudisha waya kwenye tundu la LAN pande zote mbili, usiuchomeke tundu la WAN. Mwisho, zima waifai kwenye kila chombo na uiwashe tena, kipate anwani mpya.

Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, ugonjwa ni mwingine: chombo kiliomba, hakuna aliyejibu. Kagua waya, au angalia kama hamjazima DHCP kote kuwili.

Kazi yote ilituchukua chini ya saa moja. Mume wangu alikwenda mwenyewe kugonga mlango wa mdogo wake. Sikusikia alichosema, ila Jumatatu saa nne ilipita na ruta haikuzimwa, na asubuhi wifi alimpikia kaka yake maandazi.

Wapendanao, mnapohamia pamoja kila mtu na ruta yake, kaeni siku ya kwanza mkubaliane ipi inagawa. Na siku mambo yakikwama, kabla ya kutaja jina la mtu, someni kwanza namba.